Mstari wa Dola 30

Desemba 1999, jijini Havana, msanii wa Kihispania Santiago Sierra aliwalipa vijana sita wasio na kazi dola 30 kila mmoja, wakapangwa vifua wazi na kuchorwa migongoni mstari mmoja wa tatuu wenye urefu wa sentimita 250. Wanaoitetea kazi hiyo husema kwamba msanii hakuuleta umaskini wa vijana wale, bali ameuanika tu.

Hoja hiyo hunirudia ninapokuwa soko la samaki hapa Bagamoyo, ambako wachukuzi huingia majini hadi kiunoni na kutoka na matenga begani, maji ya samaki yakiwachuruzika mgongoni, kwa malipo ya kila safari. Siku moja mgeni alimwomba mmoja wao arudi majini na tenga tupu ili apigwe picha, akampa shilingi 5,000. Alipotoka aliniambia, huku akicheka, kwamba leo tenga tupu limemlipa kuliko lenye samaki. Mimi kicheko hakikunijia.

Sierra nampa haki yake katika jambo moja: ujira huutaja waziwazi, ukawa sehemu ya kazi yenyewe, ilhali picha ya mgeni wetu haitaonyesha bei. Hata wapagazi wa karne ya 19, walioingia mji huu na pembe za ndovu kutoka bara, tunazijua zaidi pembe walizobeba kuliko walichopewa.

Ninapoachana na Sierra ni kwenye ngozi. Mwaka 2001, katika maonyesho ya Biennale huko Venice, aliwalipa watu 133, wengi wao wahamiaji, lira 120,000 kila mmoja ili wapakwe nywele rangi ya dhahabu. Nywele huota, na kwa hiyo patano lile lilikuwa na mwisho. Mstari wa Havana hauna mwisho wa namna hiyo. Dola 30 hutumika zikaisha, picha ikaendelea kuonyeshwa, na mgongo ukabaki vilevile. Kujibu kwamba walikubali wenyewe hakunitoshi, kwa sababu mwenye njaa hapatani bei, hupokea aliyotajiwa. Kijana wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, atakayetaka kuiga mtindo huu ningemsihi aandike ujira, aandike na jina la aliyelipwa iwapo mwenyewe ameridhia, kisha amgawie fungu kila picha inapouzwa.

Yule mchukuzi hajaiona picha yake mpaka leo. Ameniuliza mara mbili kama mgeni aliacha namba ya simu.