Bakteria wamekufa, mbona jicho halioni?

Bakteria aina ya Pseudomonas aeruginosa, adui mkubwa wa wanaovaa lenzi machoni, akiingia kwenye konea, utando angavu wa mbele ya jicho, anaweza kuuawa na matone ya antibayotiki mpaka maabara isimwone tena. Hata hivyo, mgonjwa akabaki na kovu jeupe mbele ya mboni. Kwenye faili huandikwa amepona. Mimi sikubali kuita hilo kupona.

Uharibifu ule haufanywi na bakteria peke yao. Seli za konea zina vipokezi vya kinga ya asili, yaani protini zinazotambua vijidudu, vikiwemo vya jamii ya Toll (kwa kifupi TLR), ambavyo utafiti wake uliwapa Jules Hoffmann na Bruce Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2011. TLR5, kwa mfano, hutambua flajelini, protini ya mkia ambao bakteria huogelea nao. Kipokezi kikishaguswa, seli hupiga mbiu, nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, humiminika, na vimeng'enya vyake huanza kuyeyusha kolajeni, protini inayounda nyuzi za konea. Konea yenyewe ina unene wa takriban nusu milimita, na hupitisha mwanga kwa sababu nyuzi zake zimejipanga sawasawa. Zikishavurugika, kovu halirudishi mpangilio ule.

Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, zimejaribiwa pamoja na antibayotiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wenye wagonjwa 500, wengi wao India, haukuona tofauti ya uoni kwa ujumla baada ya miezi 3. Sishangai: steroidi huzima kinga kwa jumla jumla, bila kuchagua.

Ndiyo maana naona vipokezi ndivyo vya kulengwa, ila si kwa kuvifunga ovyo. Panya wasio na TLR4, kipokezi kingine cha jamii ya Toll, hushindwa kuwadhibiti bakteria hawa, ilhali waliopakwa flajelini kabla ya kuambukizwa, konea zao zilihimili vizuri zaidi. Kila kitu kinategemea wakati: kuiamsha kinga mapema, kisha kuituliza antibayotiki ikishafanya kazi.

Wapo watakaotaja eritoran, dawa ya kuzuia TLR4 iliyoshindwa kuokoa maisha ya wagonjwa wa sepsisi, hali ya hatari ambapo mwili hujidhuru ukipambana na maambukizi. Lakini sepsisi huenea mwili mzima. Jicho hutiwa tone palepale penye kidonda, na daktari hukipima kidonda kila siku kwa darubini yake. Majaribio ya matone yanayolenga vipokezi hivi yafanyiwe watu sasa, na kipimo cha kwanza kiwe herufi ngapi mgonjwa anasoma ukutani.