Viti vya Muziki Vipumzike Krismasi Hii

Watu 15, viti 14. Anayekosa kiti raundi ya kwanza anabaki pembeni kwa raundi 13 zinazofuata. Kila raundi ikichukua dakika moja na nusu, hizo ni karibu dakika 20 za kutazama wenzake. Na mara nyingi anayetoka kwanza ni mtoto mdogo au shangazi mwenye goti bovu. Ikifika fainali, nusu ya ukoo iko kwenye simu.

Kwa hivyo kabla ya kuchagua mchezo wa sikukuu, uliza kwanza: aliyetoka atarudi baada ya muda gani?

Kwa kipimo hicho, mchezo wa kati ndio bingwa. Aliyekulia Nairobi hahitaji kufundishwa: warushaji wawili, mmoja kila upande, na wengine katikati wanakwepa mpira; ukikugusa, umetoka. Ongeza sheria moja tu, kwamba kila mirusho 10 ikikwepwa, mmoja aliyetoka anarudi. Waliotoka ndio wahesabu kwa sauti. Hapo hata walio nje wana kazi, na kelele haiishi.

Mpira wa kati zamani ulisokotwa kwa mifuko ya plastiki. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017, soksi inatosha. Chukua soksi ndefu ya mtu mzima, ijaze vitambaa vya nguo kuukuu mpaka ifikie ukubwa wa chungwa kubwa, kaza fundo, kisha geuza sehemu iliyobaki irudi ifunike fundo, na uishone. Hatua hiyo ya kugeuza ndiyo watu huruka, na fundo likibaki nje ndilo linalomchoma mtu sikioni. Usijaze magazeti: nyasi za Desemba huwa na maji, na gazeti likilowa linakuwa jiwe. Tengeneza mipira miwili, maana mmoja utaishia juu ya paa la jirani.

Warushaji wasimame hatua 8 mbali kwa watu wazima, 5 kwa watoto, na katikati wasizidi 6. Chora mistari kwa chaki kwenye kabro au kwa jivu kwenye nyasi. Bila mstari, mrushaji hujisogeza pole pole mpaka anakaribia kumpokeza mtu mpira mkononi. Kichwa hakihesabiwi. Na amueni mapema: mpira ukigusa dera pekee, umetoka au hujatoka? Swali hilo limewahi kuchukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. (Mimi nasema hujatoka, lakini ulikunje.)

Nyama nyama nyama, ule mchezo wa kuruka anapotajwa mnyama anayeliwa, nayo inafaa ukiibadilisha kidogo. Anayeruka kwa mnyama asiyeliwa asitolewe. Awe yeye wa kutaja wanyama. Hakikisheni tu mmekubaliana kuhusu sungura, omena na nguruwe, hasa kukiwa na wakwe.

Kuvuta kamba mimi nina wasiwasi nako. Kwenye kabro viatu vinateleza, na kamba nyembamba ya nailoni inachuna viganja. Kama lazima, tafuteni nyasi na kamba nene ya katani, gawanyeni timu kwa uzito badala ya idadi, na mtu yeyote asizungushe kamba mkononi. Vidole huvunjika hivyo.

Mvua ikinyesha, ingieni sebuleni na bakuli la vikaratasi. Kila mtu aandike maneno matatu. Watu 15 wanatoa 45. Timu mbili, zamu za sekunde 60 zinazopimwa kwa simu: mmoja anachota vikaratasi, timu yake inabahatisha neno. Raundi ya kwanza unaeleza bila kulitaja neno, ya pili unasema neno moja tu, ya tatu unaigiza kimya. Vikaratasi ni vilevile raundi zote, na ndiyo maana shosho aliyekuwa amepotea raundi ya kwanza anaanza kubahatisha kwa kasi raundi ya tatu. Kinachoharibu ni vijana kuandika majina ya watu wa TikTok. Sheria iwe hivi: neno lijulikane na shosho na mtoto wa gredi ya tatu pia. Kikaratasi kinachobishaniwa kinachanwa, mnaendelea.

Kama mnaishi ghorofani, mwambieni keateka siku moja kabla, na mhamishe magari kabla chapati hazijaiva. Baada ya kula hakuna atakayeinuka.