Kitabu Kimoja cha Mapishi, Majiko Mengi

Wengi wetu wenye vitabu vya mapishi nyumbani huvisoma kuliko tunavyovipikia. Tunafungua kurasa, tunavutiwa na picha, tunakusudia kupika mwisho wa wiki, kisha wiki inakwisha na chakula kilichopikwa ni kile kile ambacho mikono imekizoea. Mimi siamini kwamba sababu yake ni uvivu. Kitabu cha mapishi ni mwalimu asiyeweza kuulizwa swali, na mtu aliye peke yake jikoni akikwama katika mstari mmoja hana wa kumsaidia. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayetaka kupika vizuri zaidi atafaidika kwa kujiunga na klabu ya mtaani ya kupika kutoka vitabuni kuliko kwa kununua kitabu kingine.

Utaratibu wake ni rahisi: wanachama huchagua kitabu kimoja, kila mmoja hupika nyumbani kwake kwa muda waliokubaliana, kisha hukutana kuonja na kuzungumza. Zipo klabu zinazotaka kila mwanachama achague pishi lake ili meza iwe na vyakula vya namna nyingi, na zipo zinazotaka watu kadhaa wapike pishi moja. Mimi ni wa upande huu wa pili. Meza yenye vyakula vingi inapendeza macho, lakini ni pishi moja lililotoka katika majiko matatu tofauti linalotuonyesha maneno ya kitabu yana uzito gani.

Chukua mfano wa keki ya kawaida inayohitaji vikombe viwili vya unga. Mmoja huchota kwa kikombe moja kwa moja kutoka kwenye mfuko, unga ukajishindilia ndani. Mwingine huujaza kidogo kidogo kwa kijiko, kisha huusawazisha kwa mgongo wa kisu. Kikombe cha kwanza kinaweza kubeba gramu 150, cha pili gramu 120, na kwa vikombe viwili tofauti imeshafika gramu 60. Vipande viwili vikiwekwa katika sahani moja, hakuna haja ya maelezo marefu: cha kwanza kimepasuka juu na kinakauka mdomoni, na cha pili kina vitundu vidogo vilivyolingana, ukikibonyeza kwa kidole kinarudi. Wapishi wote wawili watasema walifuata kitabu, na wote watakuwa wanasema kweli.

Suala hili la vipimo limewasumbua waandishi wa mapishi kwa muda mrefu. Mwaka 1845, nchini Uingereza, Eliza Acton alitoa kitabu kilichotenga mahitaji na vipimo vyake na maelezo ya upishi, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo. Mwaka 1896, Fannie Farmer wa Boston, Marekani, alisisitiza kwamba vikombe na vijiko vya kupimia visawazishwe juu. Hata hivyo, kikombe chenyewe bado hakijawa kimoja duniani: cha Marekani ni karibu mililita 237, na cha Australia ni 250. Kijiko cha chakula cha Australia huchukua mililita 20, ilhali katika nchi nyingi ni 15, kwa hiyo anayetumia kijiko cha 15 kwa kitabu cha huko hupunguza robo nzima ya kila kijiko bila kujua. Kwa sababu hiyo, kwa kikundi kinachoanza, napendekeza kitabu kinachotaja vipimo kwa gramu, na kila mwanachama awe na mizani ndogo ya jikoni.

Klabu pia hufichua yale ambayo vitabu huyapunja. Vipo vitabu vinavyosema vitunguu vitakuwa vya kahawia, laini na vitamu kwa dakika 10, ilhali kwa moto mdogo kazi hiyo huchukua dakika 30 hadi 45. Aliye peke yake hudhani jiko lake ni bovu. Akisikia wenzake wote walisimama pale pale wakikoroga, huelewa kwamba maandishi ndiyo yenye kasoro.

Kanuni moja naitetea bila kusita: mara ya kwanza pishi lipikwe kama lilivyoandikwa. Anayeweka mafuta badala ya siagi, akapunguza sukari nusu, akaacha mayai, kisha akaja kusema kitabu hakifai, amehukumu pishi lake mwenyewe. Mara ya pili abadilishe apendavyo, na hapo mabadiliko yake yatakuwa na maana kwa wote. Wanaozuiwa na afya au imani hawahusiki na kanuni hii, na kila chakula kinacholetwa kiandikwe wazi mahitaji yake, hasa karanga, ufuta, maziwa na mayai. Vyakula vya nyama, mayai au maziwa visikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili.

Kura za kumtafuta mpishi bora sizipendi kabisa. Zikishaingia, watu huacha kuleta keki iliyobonyea katikati, na keki hiyo ndiyo yenye mengi ya kuzungumzwa: je, oveni ilifunguliwa mapema, au hamira ya unga (baking powder) ilizidi, au joto halikuwa lile lililoonyeshwa kwenye kitufe? Oveni nyingi za nyumbani hazilingani na namba zake, na kipimajoto cha bei nafuu kinachozunguka kati ya wanachama humaliza ubishi huo.

Anayesita kwa kuwa hajui kupika ndiye ninayetamani aje zaidi, kwa sababu ndiye atakayeuliza moto wa wastani ni upi. Wazoefu hulazimika kuacha kutaja namba za jiko na kueleza wanachokiona na kukisikia: mafuta yanatandaa haraka bila kutoa moshi, kitunguu kinatoa mlio mwembamba usiokatika, kingo zake zinaanza kung'aa kabla ya kubadilika rangi. Maelezo ya namna hiyo yanafaa kuandikwa katika daftari la klabu, kando ya namba ya ukurasa wa pishi, ili atakayelipika baadaye ayakute.