Mtawa wa udongo anakunywa chai kabla ya mgeni, sisi wa Tukuyu je?

Mwaka wa nane huu niko Guangzhou, China, nasafirisha mizigo ya watu, vitasa, zipu, vitambaa, chochote mtu wa Kariakoo anachotaka kiingie kwenye kontena, na miaka yote hiyo ni nadra sana nimekubaliana bei na mtu hapa kabla hatujanywa chai. Unaingia ofisini kwake unakuta meza ya chai imekula nusu ya chumba, kompyuta imesukumwa pembeni, na kwenye trei ya mbao, katikati ya vikombe vile vidogo ambavyo ukimeza mara mbili kimeisha, kamekaa kamtawa ka udongo, kipara, kamefumba macho.

Hako kamtawa ndiko kamenifanya niandike leo.

Wenyewe wanaita chachong, cha ndo chai, na chong ni mnyama wa kufugwa, kipenzi, na hawasemi "ninacho", wanasema wanamlea. Wanaosifika zaidi wanafinyangwa na udongo wa zisha wa kule Yixing, mkoa wa Jiangsu, udongo uleule wa yale mabirika madogo yanayouzwa bei mpaka unashika kichwa. Haupakwi ile dawa ya kung'arisha kama kikombe cha kauri, unachomwa kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,100, ukiiva unabaki na vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Sasa chai ya hapa, maji ya kwanza hayanywewi, yanamiminwa kuosha majani na kuyaamsha halafu yanamwagwa, na yanamwagwa kichwani kwa mtawa. Kwa hiyo yeye anapata kabla ya mgeni. Kila siku hivyohivyo, afu anasuguliwa kwa brashi laini, na udongo unanyonya taratibu mpaka rangi inakolea na anaanza kung'aa.

Bosi mmoja wa vitasa, mzee wa Chaozhou, wa kwake amemlea miaka 14. Siku moja alimweka kwenye kiganja changu nimwone vizuri. Tumbo na kipara vimekuwa laini kama mbegu ya parachichi, kahawia iliyoiva, lakini nyuma ya masikio ambako chai haifiki bado ni udongo mkavu wa siku ya kwanza. Nilikaa naye muda mrefu bila kusema kitu, nikawaza miaka 14 mimi nimefanya nini kila siku bila kuruka.

Nilipomtumia mama picha WhatsApp akanipigia palepale, "mwanangu, umeanza kuabudu sanamu?" Mama ni Mmoravian wa damu, namwelewa kabisa. Nikamwambia hapana mama, sanamu za ibada huku zina altare yake, matunda na ubani, huyu wa mezani hasujudiwi wala haombwi kitu. Hata waumini wenyewe wa Kibudha wapo wanaokataa kabisa kummwagia chai Budha au Guanyin, mtakatifu wao wa huruma, wanasema ni kukosa adabu, ndo maana mezani unakuta zaidi watawa wadogo, chura wa miguu mitatu, au yule mnene anayecheka mwenye gunia. Na huyo mnene watu wengi nyumbani wanadhani ndo Budha mwenyewe, siyo, ni Budai, mtawa wa Zhejiang aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Wachina wanaamini alikuwa Maitreya, yule Budha atakayekuja. Kumwagia sanamu kwa heshima kupo pia, ila hekaluni, tarehe 8 ya mwezi wa nne kwa kalenda yao, wanapomwogesha Budha mtoto kwa maji yenye harufu nzuri.

Sasa mimi nimezaliwa Rungwe, hukohuko Tukuyu, chai imefika mpaka mlangoni. Nimechuma nikiwa mdogo, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, umande unakulowesha mpaka kiunoni, tunapima kilo, gari la kiwanda linabeba, halafu jioni tunanunua dukani pakiti ya chai ya vumbi tunaichemsha na sukari mpaka haina ladha ya chai tena. Hilo linaniuma, nasema wazi. Nimekuja kuonja chai nikiwa na miaka 31, nchi ya watu, wakati nimekulia ndani yake.

Lakini sitaki mtu aseme nimesahau kwetu. Kikombe cha mama ni kikubwa, kinakuja na kiazi au muhogo, na jirani anaingia bila miadi, hodi hodi karibu, anakunywa na hakuna anayemuuliza amefuata nini. Huku chai nzuri mara nyingi nimeinywa upande wa pili kuna invoisi. Hapo nyumbani tumewazidi na naomba tusiache.

Ninachoomba ni hiki, tukipe kitu chetu muda. Tukuyu kuna chai, ukishuka Kyela mpaka Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, kuna akina mama wa kabila la Wakisi wa kijiji cha Ikombe wanaofinyanga vyungu ambavyo ukivigonga vinalia, vinaletwa kwa mitumbwi mnada wa Lyulilo kila Jumamosi, na hiyo safari kutoka kwetu haimalizi siku. Chai na udongo, majirani kabisa, na sijawahi kuviona juu ya meza moja! Kwenye hoteli za kwetu unaletewa pakiti ya kamba ndani ya kikombe kilichotoka, samahani, hukuhuku Guangzhou.

Likizo iliyopita nilipita Lyulilo nikanunua kachungu kadogo kanaenea kwenye ngumi, mama aliyekafinyanga akanifungia na majani ya mgomba, nikasafiri nako kwenye begi la mkononi. Nikampelekea yule mzee wa vitasa. Akakazungusha, akagusa kwa ukucha zile nakshi nyeupe za shingoni, akauliza kanaitwaje, nikamwambia chungu, akajaribu, "chu-ngu", mara tatu mpaka akaweza. Akamsogeza mtawa pembeni kidogo, akakaweka chungu pale, akachemsha maji, akamimina ya kwanza, nusu kwa mtawa nusu kwa chungu. Nikagonga meza kwa vidole viwili, ndo asante yao huku, kisha tukanywa.