Kondoo, bomba la moshi na jiko la mama

Baba mkubwa alikuwa mrina asali huko Sikonge, Tabora. Kwa miaka mingi alipanda miti na mwenge wa majani makavu, mpaka alipopata bomba la moshi: kopo la bati lenye mdomo, na mvukuto mgongoni. Ukiuminya, moshi hutoka kidogokidogo na nyuki wakatulia. Ndiyo maana nilishtuka kusoma kwamba huko Galveston, Texas, watafiti huwavutisha kondoo moshi kwa bomba la namna hiyohiyo, ili waone moshi wa moto unavyoharibu mapafu.

Kondoo hulazwa kwa nusukaputi, akapitishiwa mpira kooni. Taulo za pamba huchomwa ndani ya bomba, na moshi uliokwisha kupoa husukumwa mapafuni, kwa kawaida pumzi 48 katika awamu nne. Mwisho wa jaribio mnyama huuawa. Nimekulia kwenye nyumba inayofuga kondoo, najua anavyonyamaza hata kisu kikiwa shingoni, na jambo hili silioni dogo. Hata hivyo naliunga mkono.

Jirani yetu hapa Isevya alitolewa kwenye chumba ambamo godoro la sponji lilikuwa linawaka. Hakuungua hata kidole. Alikohoa makohozi meusi, akapelekwa kutibiwa, wakamtazama ngozi, wakamrudisha nyumbani usiku uleule. Kesho yake jioni akaanza kuhema kama mtu aliyekimbizwa. Kulipopambazuka tulikuwa tunatafuta majembe.

Kilichompata katika saa zile kimeonekana hatua kwa hatua kwenye mapafu ya kondoo. Sumu za moshi hufanya damu ifurike mara kadhaa kupita kawaida kwenye mishipa midogo inayolisha njia za hewa. Maji huvuja, ute huchanganyika na utando wa damu iliyoganda, vikawa vizibo. Mtu anayeongea vizuri jioni anaweza kuzidiwa siku ya pili. Panya asingetuonyesha hayo sawasawa: huvuta hewa kwa pua tu, na pua hiyo huchuja mengi, tena ndani ya mapafu yake hana tezi za ute kama zetu. Pafu la kondoo linakaribiana na letu hata kwa ukubwa. Utafiti huo ndio uliowapa madaktari wazo la kumvutisha mgonjwa mvuke wa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ili vizibo visijengeke, ingawa mpaka leo wanabishana inasaidia kiasi gani.

Lakini kumlaza mtu na kumwangalia, hata kama ngozi yake ni nzima, hakuhitaji dawa ya bei. Kunahitaji aliye zamu awe ameambiwa. Ujuzi ulionunuliwa kwa roho za kondoo ukikosa kumfikia mhudumu wa zahanati, basi kondoo wale wamekufa bure, na sisi juu ya hayo tumezika mtu.

Lakini majaribio ya moshi wa jikoni, ambamo panya hufungiwa kwenye moshi wa kuni kwa wiki au miezi, siyaungi mkono. Mwaka 1959 wanasayansi Waingereza William Russell na Rex Burch waliandika kwamba swali la kwanza ni kama mnyama anaweza kuachwa kabisa. Kwa moshi wa jikoni anaweza, maana watu wanaouvuta wapo, wako hai, na tunaweza kwenda kuwauliza. Malawi walifanya hivyo: waligawa majiko yenye moshi mdogo na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yakaonyesha kuwa nimonia haikupungua. Jibu hilo chungu hakuna panya angeweza kulitoa. Panya halali chumba chenye kibatari, wala hapiti kwa jirani anayechoma takataka. Mtoto wa Malawi anapita, na wa Urambo pia, na huyu wa kwetu msimu wa tumbaku anashinda karibu na bani la kukaushia tumbaku.

Mama yangu amepika kwa kuni za miombo zaidi ya miaka arobaini. Asubuhi hukohoa kabla hajasalimia mtu. Kifaa cha kupima pumzi ni cha kupuliza tu, dakika chache, hakimuumizi mtu wala mnyama. Hakuna aliyewahi kumletea.