Si kila kivuli kwenye sarafu ni mali

Siku hizi ukiingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wauza vitu vya kale hapa Unguja, hukosi sarafu "yenye kivuli". Juzi mtu kaweka shilingi 200 ya 1998, ile yenye sura ya Mzee Karume, anataka laki tatu kwa kuwa tarakimu zinaonekana mbili mbili. Mie nasema ile ni shilingi 200, haizidi hapo.

La kujiuliza ni kosa limetokea wapi. Sheha akitikisika mkono anapogonga muhuri, barua moja tu ndiyo inayotoka na maandishi mawili. Lakini muhuri wake ukichongwa vibaya, kila barua ya shehia itakuwa na kasoro ile ile. Sarafu nazo ni hivyo hivyo.

Muhuri wa kugongea sarafu hupata picha yake kwa kugandamizwa na muhuri mama, na zamani ulikuwa ukigandamizwa zaidi ya mara moja. Ukisogea katikati ya kazi, picha mbili hubaki humo. Ndiyo asili ya ile senti maarufu ya Marekani ya 1955, iliyogongwa Philadelphia: tarehe na maandishi yamegawika hata bila lenzi. Zinazokadiriwa kuingia mitaani ni kati ya 20,000 na 24,000, na watu hulipa fedha nyingi kuzipata. Tazama ncha za herufi: zimepasuka, herufi imenenepa, na picha zote mbili zimeinuka sawasawa.

Hii yetu ya WhatsApp ni nyingine. Muhuri uliolegea hucheza wakati wa pigo, ukaisukuma herufi ubavuni. Kinachobaki ni kidato bapa, kinachong'aa, na herufi yenyewe imekonda. Hapo hapana nyongeza ya bei.

Upo pia muhuri uliochoka, unaotoa kivuli kilichofifia na kuvimba. Senti nyingine za 1955 zina kivuli hicho kwenye ile 5 ya mwisho. Wamarekani wenyewe huziita za maskini!

Sarafu iliyopigwa mara mbili nayo ni kasoro ya kweli, ila hapo picha nzima hurudiwa, na ya kwanza hubondwa na ya pili.

Kwenye pesa za kale zenye picha ya mizani, za Sayyid Barghash, za 1299 Hijria, kivuli sikihangaikii. Nyingi zimelika mno. Lakini kwa sarafu mpya namuomba muuzaji picha mbili, taa ikihamishwa upande. Kile kidato bapa huwaka na kuzima. Akikataa kupiga ya pili, sinunui.