Jumamosi Iliyokuja Ijumaa

Kundi letu la WhatsApp lilizaliwa kwa moshi. Tulikuwa watu kumi na watatu tusiojuana, kila mmoja kanunua blenda mtandaoni kwa muuzaji yuleyule, na kila blenda ikafuka ndani ya wiki. Tukaunda kundi ili tumsake. Muuzaji hajaonekana mpaka leo, ila sisi tukazoeana, tukawa tunajuliana hali asubuhi, na mwisho wa wiki tunapiga soga mpaka simu zinazima. Admin ni mimi. Sikupigiwa kura, blenda yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kuungua.

Jumamosi moja, mwanzoni mwa Machi 2024, nikaandika: "Wikendi njema wapendwa." Mpare wetu akajibu: "Sabato njema." Huyu ni fundi friji, Msabato wa kuzaliwa, kwao Upare ya kusini, ambako Usabato uliingia mwaka 1903 na haujatoka. Kila Jumamosi huandika hivyohivyo kabla ya kwenda kanisani, na hakuna anayejali. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, Bi Mkubwa wa Tanga alikuwa amebandika maharage, mikono haina kazi.

"Mwanangu, Sabato si siku ya saba?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Kutoka ishirini, aya ya nane mpaka ya kumi na moja."

"Na leo siku gani?"

"Jumamosi."

"Juma. Mosi. Mosi ni ngapi, baba?"

Kundi likawaka. Watu wazima wakaanza kuhesabu kwa vidole: mosi, pili, tatu, nne, tano. Jumatano ni ya tano, sawa. Kesho yake? Alhamisi. Na Alhamisi ni khamsa ya Kiarabu, yaani tano tena! Wiki ya Mswahili ina tano mbili, halafu inarukia Ijumaa. Sita haipo, saba haipo. Ukitaka kujua kwa nini, watu wa pwani walianza kuhesabu upya baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko, lakini Alhamisi na Ijumaa wakaziacha na majina ya Kiarabu. Na Mwarabu yeye anahesabu tangu Jumapili, ndiyo maana tano yake inaangukia siku moja baada ya tano yetu.

Tukadhani Mpare kalazwa. Lakini Mpare na kesi, nani asiyewajua?

"Bi Mkubwa, hao Waarabu wenyewe Jumamosi wanaiitaje?"

Bi Mkubwa kasoma madrasa, anajua vizuri kwamba ni as-sabt. Akakaa kimya dakika nne nzima. Maharage yake, alituambia baadaye, yalishika chini.

Hapo akaingia Dada wa Misa, kwamba siku ya kwanza ya juma ni Dominika, Bwana alifufuka siku hiyo, mjadala umefungwa. Kijana wetu wa Toronto, aliyekuwa anajiandaa kuja likizo, akapiga picha kalenda ya simu yake inayoanza na Jumatatu. Bi Mkubwa akamjibu kwamba simu haina dini. Ilipofika saa saba mchana kulikuwa na ujumbe mia mbili na kitu, watatu wametoka kundini, wawili wamerudi kuomba radhi kisha wakatoka tena.

Nikaona niwe mpatanishi. Ramadhani ilikuwa imebakiza siku chache kuanza, nikaandika: "Jamani yaishe. Wiki ijayo karibuni kwangu Tabata tuvunje jungu. Usiku wa Jumamosi, saa 2:00." Zikaja dole gumba nane. Nikajipongeza kwa soda.

Sasa, mimi ni mtu wa Iringa. Kwetu usiku wa Jumamosi ni ule unaokuja baada ya mchana wa Jumamosi. Nikapanga mambo yangu: Ijumaa napumzika, Jumamosi asubuhi naenda sokoni kuongeza nyama, mchana napika bila haraka.

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo jioni, nimevaa bukta, mlango ukagongwa. Mpare huyo, suti kamili, Biblia kwapani, kitabu cha nyimbo mkononi. Akanikumbatia. "Ndugu yangu, nilijua ipo siku utaipokea kweli." Ikanichukua muda kuelewa kwamba mwenzangu anadhani nimemwalika tuikaribishe Sabato, maana Sabato huingia jua likizama Ijumaa. "Tangu jioni hata jioni, Walawi ishirini na tatu," akasema, akavua viatu.

Nilikuwa bado sijapata la kumjibu niliposikia Bajaji mbili nje. Saa mbili kamili, maana yule mama hachelewi, Bi Mkubwa kaingia na wenzake watatu na bakuli la kaimati.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Lakini leo si Ijumaa?"

"Marahaba mwanangu. Ijumaa ilikwisha magharibi."

Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto wa chekechea. Pwani usiku hutangulia mchana wake. Mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni, tarawehe zinaswaliwa usiku huohuo na kufunga ni kesho yake; usiku ule umeshakuwa wa Ramadhani. Kwa hiyo usiku wa Jumamosi ndio huu. Wanaowahurumia watu wa bara husema "usiku wa kuamkia Jumamosi", ila yeye hakujua kama admin anahitaji kuhurumiwa. Mpare akatikisa kichwa kwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza hao wawili kukubaliana tangu kundi lianze, na aliyekuwa na makosa ni mimi.

Nyama ipo kilo moja na nusu, ngumu kama tofali, ndani ya friza. Mchele upo. Mpare hawezi kusaidia kupika kwa sababu Sabato imeshaingia. Kupika kwake kulikwisha mchana, siku ya maandalio. Bi Mkubwa ni mgeni, hawezi kushika mwiko nyumba ya watu. Akavuta kigoda mlangoni pa jiko akawa refa.

Nilichokuwa nacho kilitosha pilau ya kilo moja: vitunguu maji vinne vikubwa, kichwa kimoja cha kitunguu saumu, tangawizi kidole kizima, bizari nzima kijiko kimoja cha mezani, iliki nane, karafuu sita, mdalasini vijiti viwili, pilipili manga kijiko cha chai, viazi sita, mafuta robo tatu ya kikombe. Nyama nikaimwagia maji ya moto ikaachana, nusu yake nikaibandika na chumvi na kipande cha tangawizi. Saumu na tangawizi iliyobaki nikavitia kwenye blenda.

Ndiyo, ile ile. Nilikuwa nimeibadilisha brashi za kaboni, vile vijipande vinavyoingiza umeme kwenye mota, mwenyewe na nikajiaminisha imepona. Tatizo la zile blenda siyo brashi peke yake. Mota ni dhaifu, haitaki kuzunguka zaidi ya dakika moja mfululizo, na ukiitia tangawizi bila maji visu vinakwama, mota inasukuma mzigo usiosogea, inachemka, na vanishi ya nyaya za ndani inaanza kuungua. Robo kikombe ya maji ingeniokoa. Sikuitia. Moshi ukatoka mweupe, kisha wa bluu, na wageni wote watano wakapiga kelele kwa furaha ya kuitambua: "Hiyohiyo!" Mmoja akarekodi.

Nilipokuwa nafungua madirisha, vitunguu vikavuka. Pilau rangi yake inatoka kwenye kitunguu: kikiwa cha dhahabu pilau inakuwa njano ya huzuni, kikifika rangi ya kahawia iliyokolea ndipo unapotia saumu, na kikipita hapo kwa dakika moja tu kinakuwa kichungu hadi punje ya mwisho. Changu kilipita dakika tatu. Nikaikosha sufuria, nikaanza upya na vitunguu viwili vya kuazima.

Kosa kubwa lilikuwa la maji. Kilo ya mchele ni kama vikombe vitano. Mchele uliolowekwa nusu saa unataka supu vikombe sita na nusu, saba ukizidi. Wangu ulilowana zaidi ya saa nzima wakati nazima moto wa kila aina, nami nikakumbuka ile hesabu ya "maji mawili, mchele mmoja" ya wali wa bwenini, nikamimina kumi. Bi Mkubwa alifumba macho. Halafu, nikiona maji hayakauki, nikakoroga, nao mchele ukishaanza kuiva ukiukoroga unavunjika na wanga wote unatoka. Alipofunua sufuria akanusa, akaonja kwa ncha ya kijiko.

"Mwanangu, sisi tumekuja kula pilau. Hii umepika bokoboko."

Tukiwa tunapakua, mama mwenye nyumba akabisha hodi kuuliza nini kinaungua. Mkatoliki safi, na mwaka ule Jumatano ya Majivu ilikuwa Februari 14, kwa hiyo tulikuwa katikati ya Kwaresma. Akaangalia nyama sahanini, akaniangalia mimi.

"Ijumaa ya Kwaresma, baba?"

Mimi ni Mlutheri, ningeweza kunyamaza. Nikajifanya msomi. "Shikamoo mama. Kwa hesabu ya wageni hawa, Ijumaa imekwisha tangu magharibi. Sasa hivi ni Jumamosi."

"Kwetu siku inageuka saa sita usiku," akasema. Kisha akatulia, macho yakamng'aa. "Kodi yako si imeisha? Si tulikubaliana unalipa Jumamosi?"

"Ndiyo, mama."

Akawageukia wageni. "Na mnasema Jumamosi imeshaingia?"

Bi Mkubwa na Mpare wakajibu kwa pamoja: "Imeshaingia."

Nikalipa kwa simu saa nne na nusu usiku, miezi sita, makato juu yangu. Mama mwenye nyumba akasubiri ujumbe wa kuthibitisha, akausoma mara mbili, akaniomba nimfunikie sahani moja. Saa sita na dakika tano nilisikia kijiko chake kupitia ukutani.

Jumamosi yenyewe, saa mbili usiku, Dada wa Misa akaja na wawili, ametoka Misa ya jioni. Hiyo Misa ya Jumamosi jioni kwao inahesabika ya Dominika, kwa hiyo siku yao inageuka saa sita usiku kwa nyama na jioni kwa Misa. Nilitaka kuuliza, nikakumbuka kodi, nikameza swali. Kulikuwa na nyama robo tatu na vikombe viwili vya mchele. Safari hii nilipima maji vikombe viwili na nusu, nikapunguza moto, nikatia makaa juu ya mfuniko, sikugusa mwiko. Ikatoka chambuchambu. Bi Mkubwa hakuwepo kuiona, na picha niliyomtumia alisema ya kuazima.

Saa nane usiku mlango ukagongwa tena. Kijana wa Toronto, begi mgongoni, simu mkononi, ananionyesha ujumbe wangu: 2:00, usiku. Nikampa ukoko.

Asubuhi Bi Mkubwa akaandika kundini: "Jumapili njema wanangu. Siku ya pili." Chini yake pakatokea kwamba Mpare anaandika. Nimeoga, nimekunywa chai, nimeenda kanisani nikarudi, bado anaandika.